Kikohozi cha Cheche

Benchi letu limeegemea ukuta wa banda la kinyozi, pale barabara inapopinda kuelekea sokoni, na kivuli hakitoki hapo mpaka jua lianze kulegea. Ni la mbao nzito, lilichongwa na marehemu baba yake Kinyozi, na makalio ya watu yamelisugua mpaka linang'aa kuliko kioo cha mle ndani. Mguu wake mmoja ni mfupi. Anayekaa mwisho upande wa kushoto ndiye anayelituliza, na akiinuka bila kutoa taarifa, sisi wengine tunayumba na kahawa inatumwagikia mapajani. Fundi viatu, tunayemwita Soli, ndiye mwenye nafasi hiyo kwa sababu sanduku lake la kazi liko hapo, na ameshaomba sana aupigilie kisigino mguu ule. Kinyozi hataki kusikia. Baba aliuacha hivyo, utabaki hivyo. Mimi ni dobi, meza yangu ya pasi iko hapo hapo pembeni, na nayasema haya yote ili muelewe tulivyokuwa Jumamosi ile asubuhi: tumekaa juu ya benchi ambalo ikifika jioni huenda lisiwe letu tena.

Aliyeliweka rehani ni Kinyozi mwenyewe. Jumamosi ya nyuma yake alifungwa mpira wa meza kule ukumbini na Cheche, mchomelea vyuma wa kona ya pili, na watu wa kona ya pili wakacheka, wakasema sisi tunachojua ni kukaa tu. Kinyozi hasira zake ziko karibu. Akasema, mkinifunga tena wiki ijayo, njooni mchukue na benchi lenyewe! Cheche naye akajibu kwamba akifungwa yeye, atamchomelea banda lake mlango mpya, maana ule wa sasa unafungwa kwa waya. Wakapeana mikono mbele ya watu. Tangu siku hiyo Kinyozi ananyoa huku mkono mmoja ukipiga mpira hewani, na wapo wateja waliotoka mle na vichwa ambavyo sitavieleza hapa.

Wa kwanza kufungua mdomo asubuhi ile alikuwa Dada Birika, muuza kahawa wetu.

Dada Birika: Haya, kahawa ya moto. Anayekunywa leo anywe amekaa, kesho tutakuwa tunakunywa tumesimama kama kuku.

Kinyozi: Dada, usinianze asubuhi asubuhi.

Dada Birika: Mimi mwenyewe sijalala vizuri. Panya wamenitafuna zulia jikoni, na mimi nimegundua jana tu niliposogeza kabati. Lile la plastiki, la maua. Kona nzima hakuna!

Mimi: Wametafuna vipi?

Dada Birika: Wamekata, tena mstari umenyooka.

Mimi: Panya gani huyo anayekata mstari ulionyooka?

Soli: Panya wa siku hizi hao, dobi. Usiwadharau. Tuongee mpira, jioni inakuja.

Soli na Dada Birika wamepanga nyumba moja, kwa hiyo habari za panya anazijua. Tukarudi kwenye mpira. Mzee Gia akaweka kikombe chini. Mzee huyu ameendesha lori mpaka akastaafu, na hata leo akiongea mkono wake wa kulia hautulii, unabadilisha gia.

Mzee Gia: Mwanangu, hebu nieleze tena. Huo mpira wake unakujaje?

Kinyozi: Mzee, nimeeleza mpaka nimechoka. Anauanzisha kwa kuukata kwa chini, hivi. Mkono ni ule ule kila mara. Unavuka wavu taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake. Nikiupokea kawaida, unazama wavuni. Nasema sawa, kumbe umekatwa, unazunguka kurudi nyuma, dawa yake ni kuuinua. Nikiuinua, unapaa mpaka ukutani!

Mimi: Mmoja ulimpiga mlinzi wa ukumbi.

Kinyozi: Ulimgusa tu.

Mimi: Chai yake yote ilimwagika.

Kinyozi: Dobi, uko upande wa nani?

Mzee Gia: Nyamazeni. Mimi hili nalijua. Mpira unaozunguka ni tairi kwenye tope. Ukikanyaga breki, umekwisha. Kosa lako unakanyaga breki. Unatakiwa uachie, ushuke gia, uufuate unakotaka kwenda.

Kinyozi: Unataka kwenda wavuni, Mzee. Niufuate wavuni?

Mzee Gia: Ushuke gia kwanza.

Soli: Mnapoteza muda. Tatizo ni viatu. Mpira hausomwi kwa macho, unasomwa kwa nyayo. Angalia unavyokanyaga, kisigino kimelika upande. Mtu aliyepinda chini anapinda na juu.

Kinyozi: Na raketi je?

Soli: Raketi usiiguse! Raketi zote za mtaa huu nimebandika mimi. Yako mimi, ya Cheche mimi. Raba moja, gundi moja, nyeusi tii mbele na nyuma. Mtu asije akasema kazi yangu ina kasoro.

Alisema hivyo huku ameinamia kiatu, na hakuna aliyemfuatilia, kwa sababu Dada Birika alikuwa ameshakamata zamu yake.

Dada Birika: Siri iko machoni. Mchomelea vyuma amezoea kutazama moto kwenye ile kofia yake ya kioo cheusi. Hapepesi macho! Wewe ukipepesa, yeye ameshaona mpira mara mbili. Tena anacheza anaumwa, maskini. Kila akianzisha mpira, koh! Kile kifua si kizima. Ndiyo maana namtilia tangawizi nyingi kwenye kahawa yake.

Kinyozi: Kahawa ya nani?

Dada Birika: Ya Cheche. Namhurumia.

Kinyozi: Yaani mtu anataka kuninyang'anya benchi la baba yangu, wewe unamnywesha tangawizi?

Dada Birika: Mgonjwa ni mgonjwa, kaka. Akipona mtafungana vizuri.

Mzee Gia: Ngoja, ngoja. Huyu dada amegusa kitu. Moshi wa chuma! Kifua chake kimejaa chembe za chuma, sawa? Chuma kikijaa mwilini mtu anakuwa nini? Sumaku!

Mimi: Mzee, mpira ule ni plastiki.

Mzee Gia: Na wavu umeshikiliwa na nini? Si vile vyuma viwili? Nani alivichomelea?

Tukatazamana. Kweli, ni Cheche aliyevichomelea. Mzee Gia akaingiza gia ya nne kwa furaha.

Soli: Siyo sumaku. Ni pumzi! Akikohoa, upepo unatoka kifuani unausukuma mpira kwa nyuma. Ndiyo maana mwingine unafika na mwingine haufiki. Inategemea amekohoa kwa nguvu kiasi gani.

Mimi: Basi na Kinyozi akohoe.

Kinyozi: Nilijaribu juzi pale kwenye meza yako.

Mimi: Najua ulijaribu. Shati jeupe la mteja nimelirudia kulifua.

Nisiwafiche, wiki nzima meza yangu ya pasi ilikuwa uwanja wa mazoezi, na soksi za watu ndizo zilizokuwa wavu.

Mzee Gia: Kuna jambo moja hamjalifikiria. Dunia inazunguka, au haizunguki?

Soli: Inazunguka.

Mzee Gia: Cheche huwa anachagua upande gani wa meza?

Kinyozi: Wa sokoni.

Mzee Gia: Umeona? Anaanzisha mpira kuelekea dunia inakoenda! Mpira unazunguka, na dunia nayo inauongezea. Leo jioni wahi, chukua upande wa sokoni. Halafu dunia itakuwa yako.

Kinyozi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mbao, akawa anakipitisha taratibu, na sote tukaacha kutania.

Kinyozi: Mama alipita hapa jana. Akakaa hapo alipokaa dobi. Akasema, hapa ndipo baba yako alikuwa ananisubiri nikitoka sokoni, mzigo ananipokelea akiwa amekaa, kwa uvivu wake. Akacheka peke yake. Nikataka kumwambia, ulimi ukakataa. Nimwambie nini? Kwamba nimelicheza kamari kwa hasira?

Nilimwonea uchungu, kwa sababu Kinyozi si mtu wa kusema mambo yake, na akisema ujue yamemjaa. Dada Birika akamwongezea kahawa bila kuulizwa, kisha akabeba birika lake akavuka barabara kwenda kona ya pili. Tuliona alikokuwa anakwenda na ile tangawizi yake, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana naye.

Mara tu alipoondoka, akaja mwanamke mmoja na kapu mkononi. Alikuwa mke wa Cheche, amefuata viatu vya mtoto kwa Soli.

Mke wa Cheche: Hamjambo hapo? Shikamoo, Mzee.

Mzee Gia: Marahaba, mwanangu. Karibu.

Soli: Shemeji, viatu tayari. Nimevishona mara mbili, atakua aviache vingali vizima.

Mke wa Cheche: Asante, fundi. Mbona leo mmenyong'onyea hivi? Kuna msiba?

Mimi: Hapana, shemeji, ni mpira wa jioni tu. Na mgonjwa wetu anaendeleaje?

Mke wa Cheche: Mgonjwa nani?

Mimi: Mumeo. Kile kifua.

Mke wa Cheche: Kifua kimefanya nini?

Mzee Gia: Kikohozi, mwanangu. Moshi wa chuma si mzuri. Mwambie anywe maziwa.

Mke wa Cheche: Kikohozi gani, Mzee?

Kinyozi: Shemeji, kila akianzisha mpira anakohoa. Kila mpira. Ukumbi mzima unamjua.

Mke wa Cheche: Mume wangu? Nalala naye kitanda kimoja miaka yote hii, kukoroma anakoroma, kukohoa sijamsikia hata usiku wa baridi. Sasa huko ukumbini anakohoa nini?

Mzee Gia alifungua mdomo, mkono ukatafuta gia, haukuipata. Soli akanywa kahawa kwenye kikombe ambacho mimi nilikuwa nakiona kabisa kwamba ni kitupu. Nadharia zote za asubuhi ile, sumaku, pumzi na dunia yenyewe, zilikaa kimya mbele ya mwanamke mwenye kapu.

Kinyozi: Anakohoa pale pale anapougusa mpira. Siyo kabla, siyo baadaye. Basi kuna kitu hataki nikisikie.

Mzee Gia: Kitu gani?

Kinyozi: Mimi mashine yangu ikianza kuwa butu, naisikia kabla haijamuuma mteja. Mlio unabadilika. Soli.

Soli: Naam.

Kinyozi: Raketi ya Cheche. Pande zote mbili uliweka raba moja?

Soli: Nyeusi zote.

Kinyozi: Sikukuuliza rangi.

Soli akatazama barabarani kama anayesubiri mtu aje kumwokoa. Hakuja mtu.

Soli: Raba ilinitosha upande mmoja. Ile nzuri, inayoshika. Upande wa pili nikabandika kipande cha zulia la plastiki nilichokuwa nacho. Kilikuwa cha kijani, nikakipaka rangi nyeusi ya viatu, nikakisugua kwa brashi mpaka kikafanana na mwenzake. Mtu mwenyewe alikuwa na haraka!

Mimi: Umembandikia mtu zulia kwenye raketi?

Soli: Hajawahi kulalamika!

Mimi: Alalamike vipi wakati mtaa mzima unafungwa na zulia?

Hapo ndipo tulipoelewa. Upande wa raba unaushika mpira, unauzungusha sana, ndio ule unaozama wavuni usipouinua. Upande wa zulia unateleza, hauzungushi kitu, mpira unakuja mfu, na ukiuinua ndio unapaa mpaka kwenye chai ya mlinzi. Cheche anageuza raketi mkononi, pande zote nyeusi, mkono ule ule. Kitu pekee kinachotofautisha ni mlio, na mlio anauzika kwa kikohozi.

Mzee Gia: Tukamshtaki kwa mwenye ukumbi!

Kinyozi: Tuseme nini, Mzee? Kwamba fundi wetu wenyewe alimuuzia zulia? Watachukua benchi na kutucheka juu yake.

Mke wa Cheche alikuwa amesimama muda wote huo, kapu limemning'inia. Alianza kutabasamu, kisha akakaza uso kama mtu aliyekumbuka kwamba yeye ni mke wa mtu.

Mke wa Cheche: Mimi mambo ya mpira wenu siyaingilii. Mcheze mnavyojua. Mimi naingilia kifua cha mume wangu. Kama anaumwa, lazima anywe dawa. Ile ya mtoto ipo nyumbani, chungu mpaka huyo mtoto huwa tunamkamata watu wawili. Ukumbi unafunguliwa saa ngapi?

Jioni alikuwa mstari wa mbele, amejitanda vizuri, chupa ya dawa mapajani na kijiko kikubwa mkononi. Cheche alipomwona alimpungia kwa furaha. Mkewe hakuwahi kuja kumtazama akicheza hata siku moja. Akaukata mpira wa kwanza, koh! Kinyozi akaupeleka wavuni, na kabla watu wa kona ya pili hawajamaliza kushangilia, mke wa Cheche alikuwa ameshafika mezani.

Mke wa Cheche: Pole, baba watoto. Panua mdomo.

Cheche: Mama watoto, watu wanatazama.

Mke wa Cheche: Watazame, afya haina aibu. Panua.

Akanywa. Uso wake ulijikunja, macho yakamtoka machozi, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mkewe akarudi kukaa, akajaza kijiko kingine, akakishika tayari. Tangu hapo Cheche hakukohoa tena.

Na sisi kwa mara ya kwanza tukasikia. Raba ilisema “tu”, kama kofi kwenye mto. Zulia lilisema “ta”, kavu. Kinyozi aliinamisha kichwa upande mmoja, vile vile anavyoisikiliza mashine yake, na akisikia “tu” anauinua, akisikia “ta” anausukuma kidogo na kuuacha. Siwadanganyi kwamba alipata yote. Mikono yake ilikuwa imezoea kushindwa, na mara nyingine ilisikia vizuri ikafanya vibaya. Cheche naye ni mchezaji, tusimvunjie heshima, alipigana na kila mpira. Walikwenda hivyo bega kwa bega mpaka ikabaki pointi moja, na Kinyozi ndiye aliyekuwa anaihitaji.

Cheche alikuwa anaanzisha. Nikamwona shingo inamtetemeka, mashavu yamejaa, macho mekundu. Ile dawa ilikuwa imemkwaruza koo, na sasa kikohozi cha kweli kilikuwa kinamjia, naye anakimeza kwa sababu kijiko kilikuwa kinamtazama. Mzee Gia kando yangu aliingiza gia bila kupumua. Mkono wa Cheche ukashuka.

Ta.

Kinyozi akausukuma kidogo tu. Ukagusa meza pembeni kabisa, ukaanguka chini. Cheche akakohoa hapo hapo, akakohoa mpaka akashika meza, na mkewe akamfuata na chupa huku watu wetu wanambeba Kinyozi juu juu. Kinyozi alikuwa analia na kucheka, anasema baba, baba, na mimi sioni haya kusema kwamba nililia naye.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye nafasi zetu, mama yake Kinyozi amepita na kusalimia asijue lolote, na Dada Birika akamimina kahawa akilalamika kwamba birika linaelekea kuisha kwa sababu watu wanakunywa kwa raha kupita kiasi. Mara tukamwona Cheche anavuka barabara, futi ya kupimia mkononi na raketi kwapani. Alipima mlango wa banda juu na chini, akajiandikia vipimo kiganjani. Kisha akaja kusimama mbele yetu, mtu ambaye hakuwahi kukaa kwetu.

Kinyozi: Karibu, kaka. Nafasi ipo.

Cheche akakaa kati yangu na Mzee Gia, akajaribu benchi kwa makalio, akatikisa kichwa kukubali. Dada Birika akammiminia.

Dada Birika: Hii nimetia tangawizi. Kifua kimeachia?

Cheche: Kimeachia, dada. Nimepona kabisa, hata ukisema neno dawa napona tena.

Tukacheka wote. Cheche akatoa raketi kwapani, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, na ule weusi ukaanza kutoka. Kikatokea kijani. Akapangusa tena, likatokea ua la njano.

Cheche: Fundi, nilitaka kukuuliza siku nyingi. Hili zulia zuri hivi, ulilitoa jikoni kwa nani?

Dada Birika aliinama, akalitazama lile ua, akaliweka birika chini taratibu sana, halafu akageuza shingo upande wa kushoto wa benchi.

Soli akainuka bila kutoa taarifa. Benchi likayumba, vikombe vikaruka, na kahawa yote iliyobaki ikatumwagikia mapajani, mimi, Mzee Gia na Cheche, huku Soli anakatiza barabara na kiatu kimoja cha mteja mkononi na Dada Birika yuko nyuma yake. Kinyozi alicheka mpaka akajiegemeza ukutani, juu ya benchi la baba yake. Kahawa ilikuwa imekwisha, suruali zetu zilikuwa zinaunguza, lakini tulikuwa bado tumekaa.